Mama Mjamzito Asizungushwe Milango

Dawa ya kumkinga mtoto asiambukizwe virusi vya UKIMWI na mama yake ipo. Mwaka 1999 utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, ulionyesha kuwa kidonge kimoja cha nevirapine kwa mama anapoanza uchungu, na matone ya dawa hiyohiyo kwa mtoto ndani ya siku 3 tangu kuzaliwa, vinapunguza maambukizi kwa karibu nusu kuliko zidovudine ya muda mfupi. Tangu hapo mambo yamesonga mbele sana. Bila dawa yoyote, kati ya watoto 100 wa mama wenye virusi vya UKIMWI, 15 hadi 45 huambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au katika kunyonya. Mama akimeza dawa zake vizuri, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Na Tanzania iliamua tangu mwaka 2013 kwamba mjamzito akikutwa na virusi aanze dawa na kuendelea nazo maisha yake yote, bila kungoja kipimo cha CD4, yaani cha chembe za kinga mwilini.

Kwa nini basi watoto wangali wakizaliwa na kukua na virusi? Jibu mtalipata mkimfuata mama mmoja tangu anapoingia kliniki mpaka anapotoka.

Anafika asubuhi na mapema, anakaa kwenye benchi na wenzake. Anachomwa kidole, na baada ya muda mfupi majibu yako tayari: ana virusi. Mkunga anamweleza kwa upole, mama anafuta machozi, anauliza kama mtoto atapona. Hapohapo, mbele ya mkunga huyohuyo, ndipo angepaswa kukabidhiwa kichupa chake cha dawa. Lakini wako wanaoambiwa wazunguke nyuma ya jengo, kwenye dirisha la CTC, yaani kliniki ya matunzo na dawa za UKIMWI, au warudi Alhamisi. Dirisha lile mtaa mzima unalijua. Nani atasimama pale na tumbo lake, jirani zake wakimtazama? Na hiyo Alhamisi inadai nauli nyingine ya bodaboda, na maelezo mengine kwa mume. Wengine hawarudi, na mimi siwalaumu. Waliokuwa na wajibu wa kuwapa dawa siku ile ni sisi.

Kwa hiyo nasema, waganga wafawidhi, fungueni kabati la dawa hizo ndani ya chumba cha kliniki ya wajawazito. Mkunga aliyepima ndiye agawe dawa, na tarehe ya kuzifuata nyingine iwe ileile ya kliniki. Mwongozo wa huduma hii ulikwisha kutaka hivyo. Kilichobaki ni kuutekeleza hata mahali ambapo chumba ni kidogo na muuguzi ni mmoja.

Hali kadhalika dawa ya mtoto. Mama akijifungua Jumamosi usiku, famasi ikiwa imefungwa, mtoto angoje Jumatatu? Dawa ya maji ya nevirapine ikae wodi ya wazazi, na mama akabidhiwe yake katika wiki za mwisho wa ujauzito, maana wako watakaozalia nyumbani au njiani. Mkunga asitosheke na kuandika kwenye kadi. Ampe bomba la kupimia, amwambie avute mililita 1.5, kipimo cha mara moja kwa siku kwa mtoto wa kilo 2.5 au zaidi, kwa wiki 6, kisha aangalie mkono wa mama. Akikosea mstari arudie, mpaka mkunga aridhike. Mtoto aliye katika hatari kubwa huhitaji dawa zaidi ya moja, na hilo nalo mama aelezwe mapema.

Yuko pia mama tunayemsahau, yule aliyekutwa hana virusi. Huondoka na furaha, na mara nyingi huo ndio mwisho wa habari yake. Akiambukizwa akiwa na mimba au akinyonyesha, virusi huwa vingi mno katika damu kwa wakati ule, na mtoto yuko hatarini zaidi. Apimwe tena mimba ikikua na tena akinyonyesha, na aliye hatarini apewe dawa kinga, ambazo Shirika la Afya Duniani limezikubali kwa wajawazito na wanaonyonyesha tangu 2017. Mumewe naye apimwe. Ila mwanamke aliyekuja peke yake asirudishwe kutafuta barua ya mwenyekiti wa mtaa. Kumkaribisha mwanamume kusiwe kumfungia mkewe mlango.

Yote haya yanahitaji watu na fedha. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na huduma za UKIMWI zikatikisika. Mama washauri, yaani wanawake wenye virusi wanaowashauri wenzao, na wahudumu wanaowatafuta majumbani wazazi waliokosa kliniki wamekuwa wakitegemea mno posho za wafadhili. Ni watu hao wanaojua mama fulani amehamia kwa mkwewe, mwingine ameficha vidonge kwenye pipa la unga. Madiwani, mkikaa kupitisha bajeti ya halmashauri, tengeni posho yao kutoka mapato yetu wenyewe. Kisha mwiteni mganga mkuu wa wilaya awajibu, zahanati kwa zahanati, ni mama wangapi waliokutwa na virusi robo mwaka iliyopita, na wangapi kati yao walitoka na dawa mkononi siku hiyohiyo.