Usinunue rangi, nunua mbao



Hapa Kilembwe ndagala na mikebuka hutufikia baada ya kupita mikono mingi, na kila mkono unaongeza bei. Ndiyo maana kikundi cha likirimba kinaweza kuwaza kununua boti kule Baraka, kwa kushirikiana na wamama wa ziwani. Wazo ni zuri. Lakini boti jipya ni ghali, na lililokwisha kutumika linaweza kuzamisha akiba ya mwaka mzima. Tena si akiba tu. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama katika Ziwa Tanganyika, wakafa watu zaidi ya 120.

Sisi walimu tunajua kwamba jalada jipya la daftari halionyeshi kazi iliyo ndani. Rangi mpya ya boti ni vilevile. Nendeni na fundi wa boti mliyemchagua wenyewe, si yule aliyeletwa na muuzaji, na mumlipe siku yake. Hata hivyo, angalieni pia kwa macho yenu.

Mbao. Boti livutwe nchi kavu. Kwa ncha ya kisu, jaribuni mkuku, yaani ule mti mrefu wa chini unaobeba boti lote, kisha mbavu za ndani, kisha nyuma panapofungwa mashini. Maji hutuama huko, na uozo huanzia huko. Kisu kikiingia kama kwenye muhogo uliopikwa, mbao imeoza. Angalieni misumari pia: ikiliwa na kutu, mbao huachia. Mkiona sehemu moja tu imepakwa rangi au lami mpya, ulizeni kuna nini chini yake.

Maji. Boti lililokaa juani mbao zake hukauka na kuachana, kwa hiyo siku ya kwanza litavuja. Msilikatae kwa hilo. Liacheni majini usiku kucha mbao zivimbe. Asubuhi toeni maji yote, pakieni mifuko ya mchanga yenye uzito wa mzigo wenu, likiwa karibu na ufuko, halafu hesabuni ndoo zinazotoka kwa saa moja. Muuzaji akikataa jaribio hili, rudini na makuta yenu.

Tanga na mashini. Tanga linyanyueni mbele ya jua muone matundu, na mvute kitambaa karibu na mishono. Mashini iguseni kabla haijawashwa. Ikiwa na moto, wameiwasha kabla hamjafika, pengine kwa sababu inasumbua ikiwa baridi.

Historia yake. Waulizeni wavuvi waliolitumia: lilivumilia vipi upepo wa kusini wa kiangazi? Liliwahi kugonga mawe? Mwenyewe ni nani? Boti la ndugu watatu haliuzwi na mmoja. Karatasi ya mauzo iandikwe mbele ya shefu na mashahidi wa pande zote mbili, na makuta yatolewe hapo hapo, si kwa mtu wa katikati.

Bei. Kabla ya kupatana, andikeni gharama za mbao za kubadilisha, misumari, pamba ya kuziba, fundi, mlinzi, na jile kwa kila atakayepanda. Jumlisheni na bei ya boti. Hiyo ndiyo bei yake ya kweli, na ndiyo ya kupeleka kwenye mkutano wa kikundi.

Kutakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba boti ni mambo ya wanaume. Mjibuni kwa heshima, halafu mwendelee kuhesabu ndoo. Tumeni wamama watatu, si mmoja, na kikundi kiwape ruhusa kamili ya kurudi bila boti. Aliyetumwa akiogopa kuchekwa kwa kurudi mikono mitupu, atanunua hata mbao zilizooza.

Wiki ijayo: namna ya kuandika mapato ya boti katika daftari la kikundi.

Mwalimu wenu