Deni la senti 33 lisilolipika kwa simu

WAPANGAJI wengi mjini Kitengela, Kaunti ya Kajiado, hulipa kodi ya nyumba na bili ya maji kwa simu. Njia hiyo ni ya haraka, lakini ina kasoro ambayo baadhi ya waundaji wa mifumo ya malipo huipuuza: senti.

Chukua mfano wa ploti yenye wapangaji 12 wanaogawana bili ya maji ya kisima ya Sh2,500. Kila mmoja anadaiwa Sh208.33, ilhali malipo ya mteja kwa M-Pesa huandikwa kwa shilingi kamili. Akituma Sh208, kompyuta ya mwenye nyumba itaendelea kumhesabu mdaiwa wa senti 33. Iwapo imeagizwa kufunga mita ya kila mwenye deni, atakatiwa maji kwa ajili ya fedha asizoweza kuzituma hata akitaka. Na wote wakitozwa Sh209, mwenye nyumba atapata Sh8 zaidi ya bili. Ni za nani?

Sheria ya Benki Kuu ingali inaigawa shilingi katika senti 100, ingawa sarafu zilizozinduliwa Desemba 2018 zilikuwa za Sh1, Sh5, Sh10 na Sh20 pekee. Senti imehamia vitabuni, na huko ndiko inakozua balaa.

Hatari kubwa zaidi huja mifumo miwili inapounganishwa. Baadhi ya kampuni za malipo ya kimataifa huhesabu kwa senti, hivyo Sh1,000 huandikwa 100000. Tarakimu hiyo ikipelekwa M-Pesa bila kugawanywa, mpangaji ataombwa Sh100,000. Wala kugawa kila kitu kwa 100 si dawa: katika orodha ya kimataifa ya ISO, shilingi ya Kenya ina nafasi mbili za desimali, ya Uganda haina hata moja.

Inafaa deni litunzwe kwa senti, ombi la malipo litumwe kwa shilingi kamili iliyo karibu, na tofauti iandikwe kwenye risiti na kuhamishiwa bili inayofuata. Serikali ya kaunti nayo haina budi kulizingatia hili, kwani adhabu ya ada ikikokotolewa kwa asilimia, senti hazikwepeki.

Kwa utaratibu huo, mpangaji wetu angelipa Sh208, kisha Sh209, kisha Sh208. Jumla ni Sh625 kwa miezi mitatu, dhidi ya deni la Sh624.99, na mita yake haingefungwa hata siku moja.