Kubadilisha mukubwa wa riposti ya Ebola: Beni na Butembo tulipata nini?

Ugonjwa mukubwa ukianguka mu inchi yetu, watu mara moja wanauliza: watamuweka nani mukubwa? Sisi wa Beni na Butembo tuliona hiyo mambo kwa macho yetu mwaka 2019.

Tarehe 20 mwezi wa saba, Raisi Félix Tshisekedi alitosha usimamizi wa riposti mikononi mwa wizara ya afya, akauweka chini ya kamati ya wataalamu ikiongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, mukubwa wa INRB kule Kinshasa. Siku mbili nyuma, Waziri Oly Ilunga akajiuzulu. Tukumbuke pia kwamba siku tatu mbele ya uamuzi huo, OMS ilikuwa imetangaza hatari ya kimataifa, kisha mgonjwa wa kwanza kuonekana Goma. Yaani ugonjwa ulitangazwa Mangina tangu tarehe 1 mwezi wa nane 2018, tukazika watu karibu mwaka muzima, na mukubwa anabadilishwa Goma ikiguswa. Hiyo haisahauliki upesi.

Kwa upande wa sayansi, mutu alichaguliwa vizuri. Muyembe alikwenda Yambuku mwaka 1976, akachukua damu ya wagonjwa bila glovu, wakati ugonjwa haujapata hata jina. Ilunga alikataa chanjo ya pili, ile ya Johnson & Johnson, akisema itachanganya watu; chini ya Muyembe ilianza kutolewa Goma mwezi wa kumi na moja. Tarehe 12 mwezi wa nane ikatangazwa kwamba dawa mbili zinaokoa karibu wagonjwa tisa kwa kumi, kama wanafika mapema. (Tusimupe sifa yote kwa ajili ya cheo: majaribio ya hizo dawa yalianza 2018, na wagonjwa wetu wa Beni na Butembo ndio walikubali kujaribiwa.)

Lakini mu kartie, shida haikuwa sayansi. Mwisho wa 2018 CENI ilituondolea uchaguzi wa raisi kwa sababu ya Ebola, wakati masoko na makanisa yalibaki wazi. Watu wanachinjwa Beni tangu 2014, na magari mengi namna ile hayakuja. Ndiyo maana wengi walisema Ebola ni biashara. Hasira ikafika mbali: tarehe 19 mwezi wa nne 2019, Daktari Richard Mouzoko wa OMS aliuawa hapa Butembo, ndani ya hospitali. Cheo kipya Kinshasa hakikufuta hayo. Ebola ilimalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020, miezi kumi na moja baada ya kubadilisha mukubwa: wagonjwa 3 470, wafu 2 287.

Halafu angalia 2021. Ebola ilirudi upande wa Butembo mwezi wa pili: wagonjwa 12, wafu 6, ikaisha mwezi wa tano. Ikarudi Beni mwezi wa kumi: wagonjwa 11, wafu 9, ikaisha mbele ya Noeli. Chanjo ilikuwepo, dawa pia. Ila kulikuwa na wanganga na waelimishaji wa hapa hapa, waliojifunza kazi wakati wa ile riposti kubwa, wanaosema kinande, wanaojulikana kwa jina la baba yao.

Kwa hiyo kesho Kinshasa ikisoma jina jipya mu radio, mimi nitauliza pia lingine: kule Kalunguta ao Mabalako, ni nani atabisha hodi kwa mama aliyefiwa, na nani anamulipa?