Damu Inapimwa, Choo Hakiulizwi

Mjadala wa klozapini, dawa ya skizofrenia, umerudi mezani, na kila mtu anazungumzia damu. Tangu wagonjwa 8 walioitumia walipofariki Ufini mwaka 1975 kwa kuishiwa chembe nyeupe, dawa hii haitajwi bila kipimo cha damu, na ni sawa. Lakini utumbo uliolazwa na dawa hiyohiyo nao unaua, ila haujatengenezewa fomu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilikaza onyo kuhusu kufunga choo Januari 2020 tu.

Fungua faili la wodini: presha, mapigo, joto, uzito. Choo hakipo. Mgonjwa akiulizwa hali husema hajambo. Siku tumbo linapojaa na chakula kumshinda, tunaandika kwamba anakataa kula kwa sababu ya sauti anazosikia. Watafiti wa Porirua, New Zealand, hawakutegemea majibu ya mdomo. Waliwamezesha wagonjwa alama zinazoonekana kwenye eksirei, wakafuatilia safari yake. Kwenye utumbo mpana wa watumiaji wa klozapini safari ilikaribia saa 104; kwa wanaotumia dawa nyingine, saa 23. Malalamiko ya wagonjwa hayakulingana na picha.

Najua nitajibiwa kwamba klozapini kwetu ni ya kutafuta kwa tochi. Basi tuzungumzie benzheksoli, dawa ya kuzuia kukakamaa ambayo nayo hulaza utumbo. Mgonjwa anaanzishiwa haloperidoli, na siku hiyohiyo anaandikiwa benzheksoli, kabla mkono haujakakamaa wala taya kukaza. Akipewa klopromazini, ambayo yenyewe hukausha kinywa na kupunguza mwendo wa utumbo, bado benzheksoli inafuata. Shirika la Afya Duniani linasema isitolewe kama kinga ya kawaida. Kliniki zetu huiandika kwa mazoea, miaka inapita, na hakuna anayethubutu kuiondoa kwenye kadi. Kisha tunamhubiria mgonjwa ale mboga na anywe maji!

Katika toleo hili, makala ya uzito na sukari imeandikwa vizuri, isomeni. Ya udenda inatosha kwa wanaoanza kazi. Ile inayodai tungoje dawa mpya nimeichapisha kwa kuheshimu mjadala. Barua ya muuguzi, fupi kuliko zote, nimeitanguliza: anataka swali moja, "Mara ya mwisho ulipata choo lini?", liandikwe kila siku wodini na kila ziara kliniki, na sena, dawa ya kulainisha choo, ianze siku moja na klozapini. Wenye hoja ya kumpinga waniletee kabla ya toleo lijalo.