Sauti ya Mtoto, Mfuko wa Baba

Miaka sita iliyopita nilikuwa Wote, katika Makueni, nikielekea Kitui kumwangalia binti yangu aliyeolewa huko, nikakuta harambee ya kujenga madarasa. Wageni wa heshima walikuwa wamekwisha kusema yao, jua lilikuwa kali, na watu wameanza kusinzia. Ndipo akapandishwa jukwaani mtoto wa kiume ambaye sidhani alikuwa ametimiza miaka tisa. Suti nyeupe, tai nyekundu, viatu vinavyomzidi mguu. Akaimba kwa Kikamba. Lugha yenyewe naielewa kidogo tu, lakini sauti ile haikuhitaji mkalimani. Kina mama waliinuka wakicheza, wakaanza kumtuza kama tunavyowatuza waimbaji wa taarabu kwetu Mombasa: noti kwenye kola, noti mfukoni, noti kwenye paji la uso. Na nyuma yake alisimama mtu mzima mwenye mfuko wa kaki, akizichukua noti moja moja kabla hazijaanguka.

Niliambiwa huyo ndiye baba yake. Niliambiwa pia kwamba mtoto ana nyimbo kadhaa zilizorekodiwa, amekwisha kuonekana katika filamu mbili za vichekesho zinazouzwa sokoni hadi Mwingi na Mutomo, na kwamba Jumatatu nyingi haonekani darasani kwa kuwa Jumapili humkuta usiku njiani. Baada ya shughuli nilimwona amekaa juu ya spika, viatu ameshavivua, akiomba anunuliwe soda. Baba akamwambia angoje.

Soda ile ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Ndugu msomaji, fedha anazozipata mtoto kwa sauti yake ni za nani? Swali hili si geni. Wamarekani walilazimika kulijibu zamani, na hawakulijibu mpaka walipoumia. Wazee wetu waliopenda sinema huenda wanalikumbuka jina la Shirley Temple, yule msichana wa nywele za mawimbi aliyekuwa akiimba na kucheza dansi. Alizaliwa California tarehe 23 Aprili, 1928. Alipelekwa shule ya dansi akiwa na miaka mitatu, na mwaka 1932 alikwisha kuonekana katika filamu fupi ambazo watoto wadogo waliigiza mambo ya watu wazima. Mwenyewe alisimulia katika kitabu chake cha 1988 kwamba mtoto aliyeleta utundu kazini alifungiwa ndani ya sanduku lenye giza, na humo hamkuwa na pa kukaa ila juu ya pande la barafu.

Mwaka 1934 nyota yake iliwaka, na baada ya filamu ya "Bright Eyes" hapakuwa na mji wa Marekani usiomjua. Tangu 1935 hadi 1938 ndiye aliyeongoza kwa kuvuta watazamaji, akiwapita waigizaji wote wakubwa, wanaume kwa wanawake. Ilikuwa miaka ya dhiki kuu, watu hawana kazi, lakini senti ya kwenda kumwona mtoto yule akicheka haikukosekana. Sura yake iliuza wanasesere, magauni na vikombe. Hata umri wake ulipunguzwa mwaka mmoja ili aendelee kuonekana mdogo. Siku aliyodhani anatimiza miaka 12 aliambiwa kwamba anatimiza 13. Hebu fikiri, mtoto kuibiwa hata mwaka wake!

Aliacha filamu mwaka 1950 akiwa na miaka 22, ameolewa, akaomba aone hesabu zake. Alikuta kwamba alikuwa amechuma zaidi ya dola milioni tatu, na zilizobaki kwa jina lake zilikuwa kama 44,000. Baba yake hakuwa mlevi wala mcheza kamari. Alikuwa karani wa benki aliyejifanya meneja wa mwanawe, akaendesha nyumba kubwa, akalisha jamaa, akasikiliza washauri wabaya. Na zile fedha ambazo mahakama iliamuru ziwekwe amana kwa ajili ya mtoto hazikuwekwa. Shirley hakumshtaki. Alipata maisha mengine mema, akawa balozi wa nchi yake Ghana tangu 1974 hadi 1976, kisha Chekoslovakia, akafariki mwaka 2014 akiwa na miaka 85. Mimi nasema alibahatika. Wangapi hawakupata maisha ya pili?

Aliyetangulia kuumia ni Jackie Coogan, mvulana aliyeigiza na Charlie Chaplin katika filamu ya "The Kid" mwaka 1921. Alipokuwa mtu mzima akauliza mali yake, akaambiwa na mama yake na baba wa kambo kwamba hana chake. Na kwa sheria ya siku zile walikuwa hawakukosea, maana chumo la mtoto lilikuwa la wazazi. Alikwenda mahakamani mwaka 1938, na katika mamilioni akatoka na dola 126,000. Aibu ile ndiyo iliyozaa sheria ya California ya 1939 inayoitwa kwa jina lake. Ilikuwa na matundu, kama kisa cha Shirley kinavyoonyesha, ikaja kukazwa mwaka 2000: chumo ni mali ya mtoto, na asilimia 15 lazima iwekwe pahali ambapo mzazi hapafikii.

Sisemi mtoto asiimbe. Sisi tuliolelewa na sinema za Kihindi, tukakariri nyimbo hata maana hatuzijui, twamjua Noor Jehan, mtoto wa Kiislamu kutoka Kasur, Punjab, aliyeanza kuimba mbele za watu katika utoto na kuitwa Baby Noor Jehan, akaishia kuwa malkia wa waimbaji wa Pakistan. Wako watakaosema kuimba kwenyewe ndiko kubaya. Sibishani na masheikh katika hilo, nami nina majirani wasioruhusu hata redio. Lakini mtoto akiwa amekwisha kuimba na fedha zimekwisha kuingia, haki yake haiondoki kwa kuwa hatukuipenda ngoma.

Karibu na kwetu, Uganda, mwaka 2019 palitokea mjadala mkubwa juu ya mtoto wa miaka saba aitwaye Fresh Kid, anayeimba kwa kufokafoka. Waziri wa watoto, Bi Nakiwala Kiyingi, alisema kwamba mahali pa mtoto ni shuleni, na nchi nzima ikagawanyika. Mwisho wakakubaliana aimbe wakati usio wa masomo. Vizuri sana. Lakini kelele zote zilikuwa juu ya shule, na juu ya daftari la fedha sikusikia nusu ya kelele hizo.

Kwetu Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, na wa 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu. Mkataba wa kimataifa juu ya umri wa kufanya kazi, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1979, unaruhusu mtoto kushiriki katika michezo ya sanaa kwa kibali kinachotaja saa na masharti. Lakini baba anayempeleka mwanawe harambee hasemi kwamba amemwajiri. Husema, "Huyu ni mwanangu." Hapo karani wa serikali hunyamaza.

Nasi Waislamu hatuna udhuru wa kusema hatukufundishwa. Suratun Nisaa imeeleza vizuri mno jinsi ya kushika mali ya yatima: mlezi mwenye uwezo ajizuie, aliye fakiri atumie kwa kiasi, na siku ya kukabidhi wawepo mashahidi. Kama yatima amewekewa hesabu na mashahidi, mtoto mwenye baba hai amepungukiwa nini? Najua iko hadithi ambayo akina baba huipenda sana, ile isemayo kwamba mtoto na mali yake ni vya baba. Wanazuoni wengi wameifasiri kwa haja ya mzazi aliyepungukiwa, wala si ruhusa ya kumkomba mtoto mpaka senti ya mwisho.

Wala tusiwacheke Wakamba. Pwani tunao watoto wa madrasa wenye sauti za kasida, wanaochukuliwa kutoka maulidi hii hadi maulidi ile, wanaorekodiwa, na rekodi zao zinauzwa. Wako wanaoshinda mashindano ya kuhifadhi Qur'ani wakapewa bahasha. Bahasha ile hufunguliwa na nani? Nimewahi kumwuliza mwalimu mmoja, akaniambia nina fitina.

Siku ile Wote nilizungumza na yule baba, na sitaki kumwonea. Aliniambia mvua zilimkosa misimu miwili, pojo (wao huita ndengu) zikakauka shambani, na sauti ya mwanawe ndiyo iliyolipa karo ya ndugu zake wanne na kuezeka nyumba kwa mabati. Maneno ya kweli, nami baba mwenzake nikayaona. Nikamwuliza tu, je, ameandika popote kiasi alichoingiza mtoto na kiasi alichokopa kwake? Alicheka sana. "Mzee, nikope kwa mtoto wangu?"

Ndiyo, ukope. Nunua daftari la shilingi hamsini, andika kila noti, weka fungu katika akaunti ya jina lake mbele ya imamu au chifu au mjomba wake mtoto, na lililobaki lile nyumba nzima kwa halali. Na wanaowaalika watoto hawa, wawe wa kanisa, wa msikiti au wa kaunti, wasitoe malipo mpaka waonyeshwe akaunti hiyo. Hilo halihitaji Bunge.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Kitui, binti yangu akanichukua katika harusi ya jirani. Nikamwona kijana wa kama miaka 15 akibeba nyaya za spika. Sikumtambua mpaka nilipoambiwa. Sauti yake imevunjika, shule aliiacha darasa la saba. Jukwaani alikuwapo mdogo wake, labda miaka saba, ndani ya ile suti nyeupe iliyopunguzwa mikono, akiimba vizuri kuliko kaka yake. Mfuko wa kaki ulikuwa ule ule.