Kisichomo Kwenye Rejista

Mwaka jana nilifika katika stoo ya taasisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, nikitafuta majarida ya wanafunzi wa miaka ya 1970. Nilikuta maboksi matatu yamekwisha kutolewa nje, yakisubiri kuchomwa moto. Mtunza stoo, kijana mwenye adabu, aliniambia: "Shikamoo, Dokta. Haya hayamo kwenye rejista. Kisichomo kwenye rejista hakipo." Niliokoa nilichoweza kubeba. Yaliyobaki yaliungua siku ile ile.

Simlaumu kijana yule, kwani alinitamkia kwa ufasaha sera yetu ya kumbukumbu, ambayo haijaandikwa popote lakini inatekelezwa kila mahali. Ninaandika kuipinga.

Kwa vijana wetu, panki ni mtindo wa kunyoa nywele. Wachache wanajua kwamba neno hilo ni la vuguvugu la muziki na sanaa lililoibuka New York na London katikati ya miaka ya 1970, na kwamba vuguvugu hilo lilikuwa na majarida yake. Julai 1976, Mark Perry, karani wa benki jijini London, alianzisha Sniffin' Glue. Kichwa cha jarida alikiandika kwa mkono na makala akazipiga taipu. Makosa akayafuta kwa kuyapiga mistari, kisha akatoa fotokopi. Toleo la kwanza lilikuwa la makumi tu ya nakala. Hakuomba ruhusa ya mhariri wala mfadhili. Mwaka uliofuata, jarida likiuzwa kwa maelfu, alilifunga mwenyewe.

Majarida ya namna hiyo hayakutengenezwa ili yadumu. Yaliyosalimika yalisalimika kwa sababu wapo watu waliokataa kuyatupa. Na walikuwa na haki. Magazeti makubwa yaliandika habari za vijana wale. Katika majarida haya vijana waliandika wenyewe. Huo ni ushahidi ambao hakuna jalada la serikali litakalokupa. Ndiyo maana mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Yale kilinunua nyaraka za John Holmstrom, mmoja wa waanzilishi wa jarida la Punk la New York.

Nitaambiwa kwamba hizo ni starehe za walioshiba. Kweli, wapo wanaonunua nakala, wakazifunga kwenye nailoni na kusubiri bei ipande. Hao siwatetei. Anayelifungia jarida lisisomwe na anayelichoma wanamfikisha msomaji pale pale: mikono mitupu.

Lakini ipo njia nyingine. Mwaka 1971 wahariri watatu wa jarida la Oz walishtakiwa jijini London kwa kuchapisha machafu; wakatiwa hatiani, na hukumu hiyo ikatenguliwa katika rufaa. Oz lilizaliwa Sydney mwaka 1963 kabla ya kuhamia London. Baadaye maktaba ya Chuo Kikuu cha Wollongong, huko huko Australia, iliyaweka matoleo yake mtandaoni, yasomwe bure. Jarida lililoburutwa kizimbani likawa mali ya kila msomaji.

Na sisi? Novemba 1969 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walianzisha Cheche. Halikuwa jarida la muziki, lakini lina undugu na yale ya London: vijana, fedha kidogo, na maneno ambayo wakubwa hawakuwatuma kuyasema. Walter Rodney aliandika humo. Issa Shivji alitoa humo uchambuzi wake wa mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimya kimya nchini. Novemba 1970 serikali ikalipiga marufuku. Tunalifahamu leo kwa kiasi kikubwa kwa sababu waliokuwamo, akiwamo mhariri wake Karim Hirji, walijitwika wenyewe kazi ya kulikumbuka kitabuni.

Tazama basi tulivyoshuka. Aliyelipiga marufuku Cheche alikuwa walau amelisoma, akaogopa. Sisi tunachoma maboksi bila kuyafungua. Marufuku ni dhuluma, lakini hukiri kwamba neno lina nguvu. Kuchoma bila kusoma hakukiri chochote.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu mtumishi wa umma, daftari hilo liko mezani kwako, na rejista haikushuka kutoka mbinguni. Iliandikwa na mtu. Inaweza kuongezwa mstari. Kabla hujasaini kibali cha kuteketeza, fungua boksi.

Nanyi wanafunzi na wanaharakati, vipeperushi, vikatuni na majarida mnayoyatoa usiku kwa fotokopi ni nyaraka. Andikeni tarehe na mahali. Wekeni nakala mbili, kila moja mahali pake.

Nami sijitoi katika lawama. Nilichookoa siku ile kilikaa kabatini kwangu kwa miezi kadhaa, nikikionyesha kwa wageni kwa fahari. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: "Mwalimu, sisi tutakisoma lini?" Sikuwa na jibu. Wiki ile nilianza kuyapiga picha majarida yale, ukurasa kwa ukurasa, na nakala ninawapa wanafunzi. Sasa yamo katika rejista ambayo hakuna stoo inayoweza kuichoma peke yake.