Mwani na Mizani

Tangu kilimo cha mwani kianze kuwa biashara katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, wakulima walio wengi ni wanawake. Wao ndio wajuao bamvua na maji mafu, na wapi mwani huoza. Lakini mizani na bei vimekaa mikononi mwa wengine.

Hili si suala la haki peke yake, bali la uzalishaji. Maji ya ufukweni yamezidi joto, na kotonii, aina yenye bei nzuri, hufa. Spinosamu, inayostahimili zaidi, huuzwa kwa bei duni. Kotonii yataka maji ya kina, na kina chataka chombo na kujua kuogelea, mambo ambayo wanawake wengi hawakufunzwa. Wenye vyombo aghalabu ni wanaume. Kikundi cha wanawake watupu, basi, hukosa chombo. Cha wanaume watupu hukosa ujuzi.

Huko Paje wanawake wamekwisha kuonyesha kwamba mwani uliosagwa na kutiwa katika sabuni hulipa kuliko mwani mkavu wa magunia. Maofisa watoao mikopo ya vyombo yafaa waulize, kabla ya kutia saini, ni nani katika kikundi ashikaye mizani.